Kabla ya faini, tafuteni maji yanayovuja

Nimesoma habari kuhusu mji mdogo unaotaka kuwatoza faini wanaomwagilia bustani mchana. Sipingi, maana jua kali hukausha maji mengi kabla hayajafika mizizini. Ila kabla ya kumbana mwananchi, idara ya ujenzi na maji ipime kwanza kinachopotea chini ya barabara.

Na kupima si kazi ngumu. Kati ya saa nane na saa kumi usiku watu wengi wamelala, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye tangi kuu yanapaswa kuwa machache sana. Mita ikiendelea kuzunguka kwa kasi saa hizo, kuna bomba linavuja. Fungeni valvu, yaani vifungio vya mabomba, za mtaa mmoja baada ya mwingine; mita ikipunguza kasi, mtajua ni mtaa upi unaovuja. Shida huja pale mji usipokuwa na ramani ya mabomba yake: anayejua valvu zilipo ni fundi mmoja, naye akistaafu anaondoka na ramani yote kichwani. Hilo linanisikitisha kuliko ukame wenyewe.

Msukumo wa maji nao ukipunguzwa usiku, uvujaji hupungua na mabomba yaliyochakaa hayapasuki ovyo. Cape Town walipunguza msukumo katika ukame wa 2018, pamoja na kuweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku.

Tena barabara ikichimbuliwa ili iwekwe lami, mabomba mabovu yabadilishwe papo hapo. Mhandisi wa mji aziweke ratiba za kazi hizo mbili pamoja, na wananchi tuonyeshwe.