Gasketi ya hedi haijiunguzi yenyewe

Nimetoka kuongea na dada mmoja tunafahamiana na mpaka sasa hivi nina hasira. Gari yake ya zamani, ameitunza vizuri tu, iliunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya mwili wa injini (bloku) na kichwa chake cha juu (hedi). Akalipa hela, fundi akafungua, akaweka gasketi mpya, akafunga, akaambiwa chukua gari iko poa. Haikuchukua muda ikaanza kunywa maji tena, asubuhi moshi mweupe, paipu za rejeta zimekakamaa hata kabla injini haijapata moto. Karudi kwa fundi na jibu lililomsubiri ni hili: gasketi uliyonunua ilikuwa feki, leta nyingine. Basi, hayo ndo maelezo. Nikamuuliza, hedi ilipimwa? Hajui. Feni inawaka? Hajui. Kuna mtu alikwambia kwa nini gari ilichemsha mara ya kwanza? Hamna.

Jamani, gasketi haijiunguzi yenyewe. Inaweza kuchoka kwa umri, hilo nakubali, gari ikishakula miaka mingi barabarani kila kitu kinachoka. Lakini mara nyingi sana gasketi ni majeruhi tu, kuna kitu kingine kimeiua, na ukiweka mpya bila kukitafuta hicho kitu umeipeleka nayo ikafe palepale. Tena kwa hela yako.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapoliza watu. Gasketi imebanwa katikati ya bloku na hedi, na kazi yake ni kuzuia moto wa kwenye silinda, oili na maji visikutane. Sasa kwenye injini nyingi za zamani bloku ni chuma na hedi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Siku zote inavumilia, imetengenezwa kwa hilo, ila siku gari inachemsha kweli kweli hedi inataka kutanuka kuliko kawaida na boliti zimeishikilia haina pa kwenda, inapinda, na ikishapoa hairudi ilivyokuwa. Kwa macho huoni kitu. Utaona hedi safi inang'aa. Injini nyingi za gari ndogo zinaruhusu hedi iwe imepinda kati ya milimita 0.05 na 0.1 tu, yaani tunaongelea unene wa unywele, halafu mtu anaiangalia kwa jicho, anapitisha kitambaa anasema iko sawa!

Kupima kwenyewe wala sio kazi kubwa. Rula ya chuma iliyonyooka inalazwa juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kona kwa kona, halafu fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, inajaribiwa kupita chini yake. Ikipita zaidi ya kipimo cha hiyo injini, hedi inaenda kwa fundi wa mashine ikaskimiwe, yaani uso wake usawazishwe, na ikiwa huko huko ipimwe kwa presha kama ina ufa, maana ufa mdogo kati ya vyumba vya valvu unaleta dalili zilezile kabisa za gasketi mbovu. Na bloku nayo ipimwe, watu wanaisahau. Na hizi gasketi za siku hizi za chuma, zenye bati kadhaa zimelaliana, zinataka uso laini sana, ndo maana mtu akikwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa diski ya kusagia mimi moyo unaniuma, anachimba mabonde kwenye aluminiamu na gasketi mpya haitayaziba.

Boliti pia. Injini nyingi zina boliti za kuvutika, zikikazwa mara moja zimeshavutika, hazirudishwi. Zinakazwa kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, na mwisho zinazungushwa nyuzi kama 90 zaidi, yaani robo mzunguko, kulingana na kitabu cha hiyo injini. Fundi anayekaza hedi kwa kusikilizia mkono, hata awe na uzoefu wa namna gani, mimi gari yangu simpi.

Turudi kwa muuaji, kile kinachochemsha gari mpaka gasketi inakufa. Rejeta imeziba ndani, wota pampu imechoka, feni haiwaki, kifuniko cha rejeta hakishiki presha. Kile kifuniko watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo na rahisi, lakini maji yakiwa chini ya presha ya kama bar 1 yanachemka kwenye nyuzi 120 badala ya 100, kwa hiyo kifuniko kikifa umepoteza nyuzi 20 za usalama na hujui. Halafu kuna tabia ya kung'oa themostati, ile valvu inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto. Gari inachemsha, themostati inatolewa, inatupwa, "sasa maji yanapita vizuri". Ile kitu imewekwa ifunguke kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu ili injini ifanye kazi kwenye joto lake, na kama imekufa dawa yake ni kuweka nyingine. Ukiing'oa umenyamazisha dalili, ugonjwa bado upo. Na maji ya bomba matupu mwaka baada ya mwaka yanaleta kutu, kutu inaziba rejeta, tunarudi palepale. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta yanayozuia kutu.

Na kabla ya hedi kufunguliwa, dai uthibitisho kwamba ni gasketi kweli. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinawekwa mdomoni kwa rejeta, hewa ya silinda ikiwa imevuja ndani ya maji dawa inageuka njano. Kuna kupima kompresheni, yaani presha ya kila silinda, silinda mbili zilizokaa jirani zikiwa chini zote mbili unajua imetobokea katikati yao. Utando wa maziwa kwenye kifuniko cha oili peke yake hautoshi, gari inayotembea safari fupi fupi kwenye baridi inaupata pia bila ugonjwa wowote.

Kuhusu zile chupa za kuziba gasketi, naulizwa sana. Nyingi zina sodiamu silikati. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilikuwa inawalipa watu waachane na gari zinazokula mafuta, na ili injini za hizo gari zisirudi barabarani walimwaga oili wakaweka maji ya hiyohiyo sodiamu silikati, injini ikaachwa inaunguruma mpaka ikakwama. Kwenye njia ya maji haifanyi hivyo, naelewa, na kama gari inaenda kuuzwa skrepa na unataka ikufikishe tu, sawa, tumia. Ila gari unayotaka kubaki nayo usiimwagie, itaziba tobo la gasketi na inaweza kuziba na vijitundu vya rejeta na hita ambavyo ulikuwa unavihitaji.

Wapo watakaosema tupa injini weka nyingine ya mtumba. Historia yake unaijua?

Nakubali pia kwamba mafundi wengi wanabanwa na sisi wenyewe wateja, mtu anakuja anataka kazi iishe leo kwa bei ya chini, ukimtajia skimu na boliti mpya anahamia kwa jirani. Ni kweli. Bado, fundi anayejiheshimu anasema, anaeleza, na mteja akikataa anamwambia wazi kwamba hii kazi haitadumu. Yule dada hakuambiwa chochote. Angeambiwa angelipa, namjua.

Na kama maji yameshaingia kwenye oili, dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena hata kuisogeza tu. Oili ya namna hiyo inakula beringi za krenki. Maji yakijaa kwenye silinda ni hatari zaidi, maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikipanda ikayakuta konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni, inapinda, na ikishapinda hiyo hatuongelei tena gasketi. Ivutwe. Usiamini geji ya joto pia, maji yakiisha kabisa sensa inabaki hewani na mshale unaweza kushuka wakati hedi ndo inaungua.