Herufi H moja na elfu tano isiyo na risiti

Nilijiapiza mwaka huu siandiki chochote kuhusu UMISSETA, haya mashindano ya michezo ya shule za sekondari, maana kila ikifika mwezi wa tano naanza kulalamika na mke wangu ananyanyuka sebuleni anaenda zake jikoni. Lakini Jumamosi nilikuwa uwanjani, ngazi ya wilaya, na yale niliyoyaona nikiyanyamazia nitaumwa.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, anacheza netiboli, mfungaji. Huyu mtoto tangu Januari anaamka saa kumi na moja alfajiri anakimbia kwanza ndo anaenda kuchota maji. Kwenye klasta (kundi la shule za jirani) alifunga mpaka mwalimu wa shule pinzani akaja kuomba namba ya simu ya mama yake (hilo nalo ni kesi nyingine, tuliache). Tukajua kambi ya wilaya hiyo kaingia. Basi Jumamosi wanamichezo wanaitwa mmoja mmoja kwenye meza ya uhakiki, meza yenyewe ni dawati limetolewa darasani likawekwa chini ya mwembe. Faili lake likafunguliwa. Fomu ina picha, muhuri wa mkuu wa shule umegongwa nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi kama wanavyotaka wenyewe, nakala ya cheti cha kuzaliwa ipo, namba ya darasa la saba ipo. Yule bwana akaweka kidole kwenye cheti, kidole kingine kwenye fomu, akatulia kama daktari anasoma eksirei. Akasema, "Hapa kuna H, hapa hakuna."

Yaani ndo hivyo. Cheti cha kuzaliwa jina lina H, shuleni mwalimu aliyemwandikisha darasa la kwanza aliliandika kama alivyolisikia, na nyie mnajua sisi na H zetu, tunaitia pasipotakiwa na tunaimeza panapotakiwa, nusu ya nchi hii majina yao yana tatizo hilo hilo. Mtoto akaambiwa akae pembeni. Nikaenda mimi, shikamoo zangu zote nimetoa, nikauliza tunafanyaje, nikaambiwa nikate rufaa. Rufaa ni shilingi ngapi? Elfu hamsini. Taslimu.

Sasa wakati nasimama pale najikuna kichwa, upande wa pili mpira wa miguu wavulana umeanza, naangalia namba tisa wa klasta fulani nasema huyu namjua. Nikaangalia tena. Jamani, yule kijana Jumanne alinibeba na bodaboda kutoka stendi mpaka kwangu, nikampa elfu mbili na mia tano akasema hana chenji. Ana ndevu za kunyoa kila siku ya pili. Faili lake halina kasoro, H zote ziko mahali pake.

Najua mtasema mamluki, hawa wachezaji wa kuazima, ni wimbo wa zamani. Ni kweli, na mimi nina dhambi zangu kwenye huo wimbo, acha nizitubu hapa hapa. Nikiwa kidato cha pili nilichezea shule ambayo sijawahi kukanyaga darasa lake, kwa siku tatu nikawa na jina la mtu mwingine. Siku ya pili refa ananiita kwa lile jina anipe kadi, mimi wala sigeuki, naendelea kufunga kamba za kiatu, mpaka beki mwenzangu akanipiga teke la mguu, "We, si unaitwa wewe!" Tulishinda. Nikapewa soda na chapati mbili. Kwa hiyo sijifanyi malaika hapa, na sina hata hasira sana na yule kijana wa bodaboda, kaitwa kacheza, angeitwa kesho kusoma pengine angeenda pia.

Kinachonichoma ni kitu kingine na ndo maana naandika. Mtoto ili acheze anadaiwa karatasi nne na kila herufi inapigwa tochi. Hela za hayo hayo mashindano hazidaiwi hata karatasi moja.

Tuanzie hapo. Mwezi wa tatu kila mwanafunzi aliambiwa apeleke elfu tano ya michezo. Sawa, tukatoa, wazazi wa bongo tunatoa tu. Tulitumaje? M-Pesa, kwa namba ya mwalimu. Kwenye nchi hii leo ukitaka kulipia leseni, kiwanja, faini ya barabarani, hata ukitaka kuiomba serikali ikudai vizuri, unapewa control number, hela inaingia kunakotakiwa na ujumbe unakuja. Hapo hapo kila shule ya serikali ina FFARS, mfumo uliowekwa maalum kabisa mapato na matumizi yaandikwe mpaka ya chaki. Hela ya mashindano peke yake ndo bado inaishi kwenye simu ya mtu, kwenye mstari mmoja na salio la vocha na hela ya kijumbe wa upatu wa kina mama. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akija atafungua vitabu, atakuta safi, kwa sababu ambacho hakikuingia kwenye vitabu atakikagua wapi?

Nikamfuata mwalimu. Na hapa naomba niwe mkweli, mwalimu huyu simlaumu. Akanionyesha simu yake mwenyewe: ujumbe wa hela zinaingia kutoka kwetu, elfu tano, elfu tano, elfu tatu (huyu kaomba kumalizia), halafu mwisho wa wiki ujumbe wa hela inatoka kwenda namba nyingine ya huko wilayani. Na chini yake ujumbe wa elfu arobaini ya mfukoni kwake, kanunua jezi za mazoezi. Nikamuuliza hiyo namba ya wilayani nayo ikipokea inapeleka wapi, akaniangalia tu kama namuuliza mvua inatoka wapi. Mnyororo unaishia pale.

Tupige hesabu ya haraka ya kijiweni. Tufanye shule ina wanafunzi 500 na wametoa nusu tu, hiyo ni milioni moja na laki mbili na nusu. Tufanye wilaya ina shule 25. Milioni thelathini na moja na kitu. Inawezekana imetumika yote na haikutosha! Nasema kweli kabisa, chakula cha kambi siyo mchezo, mafuta ya basi siyo mchezo. Fainali za taifa zilipopelekwa Mtwara 2019 na tena 2021, timu ya Kagera ilikuwa inavuka nchi nzima kutoka pembe moja hadi nyingine, siku mbili kwenye basi na watoto mia, nani atasema hapo hakuna gharama. Ila kama imetumika si mtuonyeshe? Matokeo ya mtihani wa mtoto wangu mnabandika ukutani, nafasi ya 47 kati ya 52, kila anayepita anasoma na kucheka, hapo hakuna siri. Bandikeni na hii. Mchele kilo ngapi, basi shilingi ngapi, posho nani kachukua. Karatasi moja na gundi.

Halafu kuna hili la elimu bila ada ambalo kila mtu anajifanya halimhusu. 2016 tuliambiwa ada imefutwa, ile elfu ishirini ya kutwa na elfu sabini ya bweni serikali inafidia, na ruzuku ya uendeshaji elfu 25 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nusu yake inabaki juu huko ya vitabu. Gawanya hiyo nusu nyingine kwa chaki, mitihani, ukarabati, halafu niambie mpira wa elfu sitini unanunuliwa na nini. Kwa hiyo michango ilikuwa lazima irudi, imerudi kwa jina la hiari, na hiari yenyewe asiyetoa anatajwa mstarini asubuhi. Ningekuwa mimi ningesema tu wazi: jamani hela haitoshi, tunaomba. Mtu akiombwa wazi anatoa, na anajua pa kuulizia.

Lakini turudi kwenye ile meza chini ya mwembe, maana bado sijamaliza nayo. Hivi mmeshawahi kuangalia nani anakaa pale? Mmoja ni kocha wa klasta. Mwingine ni mkuu wa shule ambayo wanamichezo wake wako kwenye foleni. Wa tatu ndo huyo mwenye ile namba inayopokea hela. Watu hao hao wanachangisha, wanahakiki, wanachagua timu ya wilaya, wanasikiliza rufaa dhidi yao wenyewe na elfu hamsini ya rufaa wanapokea wao. Simba na Yanga siku ya dabi mkiwapa wachague refa kutoka benchi la mmojawapo nchi haitalala, ila kwa watoto wetu ni sawa tu. Na juu ya meza presha inashuka: wilaya imeshika nafasi ya ngapi mkoani, mkoa umeshika nafasi ya ngapi taifa, afisa michezo aliyerudi bila kombe anaulizwa, aliyerudi na kombe na mamluki sita anapigwa picha na mkuu wa wilaya. Wewe ungefanyaje? Ungemtafuta kijana wa bodaboda.

Na uhakiki wala hauhitaji tochi. Kila mwanafunzi ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi kule NECTA, baraza la mitihani, akihama shule uhamisho unapita humo humo, kwa hiyo nani anasoma wapi leo hii serikali inajua bila kumuuliza mkuu wa shule. Ingiza namba, jina na shule vinatokea, kwisha. Yule kijana angekwama pale pale na mpwa wangu angepita, maana H au bila H namba yake ni moja. Ofisi ya elimu ya wilaya wanautumia huo mfumo kila siku ya Mungu. Wakifika uwanjani wanarudi kwenye muhuri na wino.

Kuna mzee mmoja tulikaa naye jukwaani (jukwaa, yaani tofali) akasema bora hata haya yapo, anakumbuka miaka ya mwanzoni mwa 2000 michezo ilipofutwa kabisa mashuleni, watoto wakaambiwa wasome tu. Nikakubali, shingo upande. Ni kweli bora yapo. Na sekondari ya Makongo ya enzi za mkuu wake Kanali Kipingu nayo ilikuwa inakusanya vipaji kila kona, hilo halina ubaya, mtoto ahamie, asome, acheze. Lakini huyu wa kwetu hajahamia popote, kapaki pikipiki nyuma ya goli na abiria wanamsubiri.



Mpwa wangu hakulia pale uwanjani, alilia kwenye daladala, kimya kimya kageukia dirishani. Tulipokaribia kushuka akaniuliza, "Mjomba, ile elfu tano watarudisha?" Nikamwambia nitaulizia. Nimeulizia, mwalimu kasema niulize wilayani, wilayani wamesema niulize shuleni.

Jumatatu mimi na mama yake tukampeleka kwa wakili kule mjini, tukaapa kiapo cha jina, kwamba mwenye H na asiye na H ni mtoto mmoja na huyo ni wetu. Dakika kumi na tano, elfu ishirini. Nilipogeuka kuondoka wakili akaniita nirudi, nimesahau risiti.