Randy Weston, Tangier, na hesabu ya kurudi nyumbani

Sisi tulioko ughaibuni tukianza kuzungumzia wanamuziki wetu, swali huwa lile lile: kijana mwenye kipaji abaki Dar, Mombasa au Unguja, au aje huku kwenye studio na majukwaa? Kabla ya kumjibu, namwomba ayatazame maisha ya Randy Weston, mpiga piano na mtunzi wa jazi ambaye safari yake ilielekea upande wa pili: alitoka Brooklyn, New York, akahamia Afrika.

Alizaliwa tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, mhamiaji kutoka Panama mwenye asili ya Jamaika, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, mwanaharakati aliyewahimiza watu weusi warudi Afrika, na Afrika ilizungumzwa nyumbani kwao tangu Randy akiwa mtoto. Kwa mpiga piano Thelonious Monk alijifunza kuacha nafasi kati ya noti, na mkono wake wa kushoto ulikaa chini kabisa kwenye besi, mahali ambapo wapiga piano wengi hawapendi kukaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa tayari ametunga "Hi-Fly" na "Little Niles", na wenzake akina Cannonball Adderley na Art Blakey walikuwa wakiipiga "Hi-Fly".

Mswahili anayependa jazi aanze na santuri yake "Uhuru Afrika". Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na Tanganyika ilikuwa bado inasubiri. Ina sehemu nne, na ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza", ya mwisho "Kucheza Blues". Mshairi wa Marekani Langston Hughes aliandika mashairi, na sauti ya Kiswahili unayoisikia mwanzoni ni ya Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Ngoma ziko mikononi mwa Babatunde Olatunji, Candido na Max Roach. Serikali ya makaburu ilipiga marufuku santuri hiyo Afrika Kusini mwaka 1964.

Hapa ndipo ughaibuni unapostahili sifa yake. Kazi kama ile inahitaji wanamuziki zaidi ya 20 wanaosoma noti, na mtu wa kuwagawia sauti. Mtu huyo alikuwa Melba Liston, mpiga tromboni. Weston alitunga kwenye piano, naye Liston akaandika sehemu ya kila tarumbeta, kila saksafoni, kila zumari. Kwetu wapigaji hodari hawapungui. Wanaopungua ni waandishi wa noti wa aina ya Liston. Bendi inakariri nyimbo kwa kumsikiliza kiongozi, na kiongozi akifariki nyimbo zinaondoka naye.

Mwaka 1967 Weston alizunguka Afrika Magharibi na Kaskazini kwa ziara iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Ziara iliishia Moroko, naye akahamia Tangier. Akafungua klabu, akajifunza kwa Wagnawa, watu wenye asili ya kusini mwa Sahara wanaopiga gimbri, ala ya besi ya nyuzi tatu, na makayamba ya chuma. Mwaka 1972 aliandaa tamasha kubwa Tangier, likamwachia madeni. Santuri ya "Blue Moses" ya mwaka huo huo, yenye wimbo uliotokana na muziki wa Wagnawa, ilimtaka apige piano ya umeme, chombo asichokipenda. Ndiyo iliyouza kuliko zote alizowahi kutoa.

Nayasisitiza madeni yale ya Tangier kwa sababu wengi wetu tunaota kurudi na kufungua ukumbi. Ukumbi wa jazi unakula fedha kila usiku, uwe na wateja 200 au 10. Anayetaka kuumudu anahitaji kipato kingine, na kwa mtunzi kipato hicho kinaweza kuwa tungo zake. Sheria ya Marekani ina jambo la ajabu: redio ya kawaida ikipiga wimbo, mtunzi hulipwa, mwimbaji na mpigaji hawalipwi. Kwa hiyo kijana asiondoke studio kabla ya kuandika jina la kila mtunzi, asilimia ya kila mmoja na urefu wa wimbo, kisha ausajili katika chama cha hakimiliki. Mkigawana kwa mdomo, mgogoro unakuja siku wimbo unapopendwa.

Jambo la pili ni chombo chenyewe. Piano ina vibonyezo 88 na nyuzi 230 hivi, na mvuto wake wote unakaribia tani 18. Huku baridi ikija, vipasha joto hukausha ubao wa sauti na sauti inashuka, kiangazi inapanda. Kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi zirudi kwenye sauti sahihi, mara mbili kwa mwaka kunatosha. Pwani yetu unyevu haukauki: mbao zinavimba, vibonyezo vinakwama, nyuzi zinashika kutu, nondo wanakula sufu ya nyundo. Kosa kubwa kumbini ni kuwasha kiyoyozi jioni ya onyesho tu na kukizima watu wakiondoka. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakopasua ubao na kulegeza vigingi vinavyoshika nyuzi. Ni afadhali chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye hali moja mchana na usiku, piano ikiwa mbali na dirisha la baharini, na fundi akiitwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Ikiwa imeshuka sana, asiivute hadi hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti ya A, kwa mkupuo mmoja, maana nyuzi zenye kutu zitakatika. Aivute kwa awamu, aiache itulie wiki kadhaa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni hili: aje ajifunze kuandika noti na kuzigawa, asajili tungo zake zote, na mguu mmoja aubakishe nyumbani. Weston aliishi hivyo: Moroko, Ufaransa, kisha Brooklyn tena, huku akiendelea kupiga na Wagnawa kwa miongo mingi, hadi alipofariki Septemba 2018 akiwa na miaka 92. Nasi tunaotuma fedha kwa ajili ya shule za muziki, kabla ya kusafirisha piano ya pili tuulize nani anaitunza ya kwanza, na tumlipie huyo fundi mwaka mzima.