Kilichosifiwa ni Bati

Naomba nianze na hesabu, kwa kuwa hesabu haina mjomba wala shangazi. Wimbo wangu una urefu wa dakika 3 na sekunde 40. Niliuwasilisha mashindanoni Jumapili saa 2:14 usiku, na ilipofika saa 2:15 ndugu mmoja wa Tunduma alikuwa amekwisha kuutolea maoni kwa maneno haya: "Noma sana mkuu, hicho kiitikio kimenigusa." Kiitikio changu huingia kwa mara ya kwanza katika sekunde ya 70. Mpaka leo najiuliza ni kiitikio cha nani kilichomgusa ndugu yule, maana kwa saa yoyote utakayotumia kupimia, changu alikuwa hajakifikia.

Mashindano yetu ni ya watunzi wa nyimbo ambao hakuna mtu anayewalipa kwa kazi hiyo, na yanaendeshwa kwa simu kutoka Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, ingawa wamo pia wachache waliohamia Dar es Salaam na ambao hawachoki kutukumbusha kwamba huko kuna joto. Wamo walimu, madereva wa bajaji, nesi mmoja mwenye sauti inayotuzidi sote, na mimi mtunza stoo wa duka la pembejeo hapa Mafiati, jijini Mbeya. Mratibu hutangaza mada siku ya Jumatatu, nasi tunatakiwa kutunga, kurekodi na kuwasilisha wimbo kabla ya saa 6 usiku wa Jumapili. Baada ya hapo kila mshiriki husikiliza nyimbo za wenzake wote, huzipanga kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na huandika maoni yasiyopungua mistari mitatu kwa kila wimbo. Asiyefanya hivyo kura zake hazihesabiwi. Wamarekani wana zoezi lao liitwalo February Album Writing Month, lililoanza mwaka 2004, ambamo watu hutunga nyimbo 14 ndani ya siku 28 za Februari, na hakuna mshindi wala mshindwa. Sisi tulipolisikia hilo tuliona halina ladha, tukaweka mshindi. Zawadi ni seti moja ya nyuzi za gitaa, na raundi iliyopita ilichukuliwa na mpiga kinanda.

Sina ugomvi na mpiga kinanda. Ugomvi wangu ni ile mistari mitatu.

Kanuni ilikusudia kwamba mtu asikilize, atafakari, kisha amweleze mwenzake kwa adabu ni wapi wimbo umesimama na ni wapi umeanguka. Kinachofanyika ni kwamba mstari wa kwanza husema "hongera sana", wa pili husema "endelea hivyo hivyo", na wa tatu, ambao ndio ujumbe wenyewe, husema "naomba upitie na wangu." Sifa zetu zimegeuka kuwa mchezo wa upatu: kila mtu anatoa kiasi kile kile, kila mtu anapokea kwa zamu, na mwisho wa raundi hakuna aliyeongezeka hata senti. Ukimpa mwenzako "noma" moja, anakudai upokee "noma" moja. Ukimpa "noma sana", anakurudishia "noma sana" yenye mikono miwili ya kupiga makofi. Yupo bwana mmoja ambaye maoni yake huyanakili kutoka wimbo mmoja hadi mwingine bila kubadilisha kitu, na raundi moja alimsifu nesi wetu kwa "besi nzito ya kiume."

Kuna walioikataa desturi hiyo, na hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu wao husikiliza.

Mkubwa wao ni mtani wangu mmoja wa Iringa, mtu mpole kabisa, ambaye hufungua kila ujumbe kwa "Kamwene" na kukuulizia watoto, kisha huvuta pumzi na kuandika "ingekuwa mimi." Mada ya raundi hii ilikuwa "Kusubiri", nami nilitunga wimbo wa mkulima wa mpunga wa Usangu anayesubiri mvua za Novemba, amekaa juu ya gunia la mbegu, anatazama juu, hakuna wingu. Ni wimbo wa taratibu, mapigo 76 kwa dakika, gitaa peke yake, kwa sababu mtu anayesubiri mvua hana haraka ya kwenda popote. Mtani wangu aliusifia. Kisha akasema kwamba ingekuwa yeye, angeuondoa ubeti wa kwanza kwa kuwa unachelewesha; angeyapeleka mapigo hadi 104 ili watu waweze kucheza; angelitoa gitaa na kuweka kinanda; angeupandisha wimbo kwa hatua mbili ili ukae kwenye sauti yake; na huyo mkulima angemfanya awe kijana wa mjini anayesubiri ujumbe wa mpenzi wake. Niliyasoma mapendekezo hayo kwa utulivu, nikayajumlisha, nikaona kwamba kilichobaki cha kwangu ni neno "kusubiri", ambalo nalo ni la mratibu. Nilipoufungua wimbo wa mtani wangu nikasikia kijana wa mjini anasubiri ujumbe, kwa kinanda, mapigo 104.

Wanaofuata ni wataalamu wa vyombo. Hao hawajui wimbo wako unasema nini, lakini wanajua ulirekodiwa vibaya. Mmoja aliniandikia kwamba besi haisikiki kabisa. Nikamuuliza alisikilizia wapi, akanijibu bila aibu kwamba alisikilizia kwenye spika ya simu, ndani ya bajaji, akitoka Kabwe kwenda Mwanjelwa. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa bila kubanwa hutoa sauti ya mitetemo 41 kwa sekunde, na kile kispika kilichopo chini ya simu hakikuumbwa kuitoa sauti nzito namna hiyo hata kikiwekwa katikati ya usiku wa manane, sembuse nyuma ya injini ya magurudumu matatu inayopanda mlima. Zaidi ya hayo, wimbo wangu hauna besi. Nimeshasema kwamba ni gitaa peke yake.

Mtaalamu mwingine alitaka niwasilishe faili la WAV badala ya MP3, kwa maelezo kwamba MP3 inaua hisia. Faili la WAV lenye ubora wa CD hula takriban megabaiti 10 kwa kila dakika ya muziki, wakati MP3 ya kawaida ya kilobiti 128 hula moja tu. Washiriki wote wakimtii bwana huyo, raundi moja ya kusikilizana itamaliza bando la mwezi, na hisia zitakazobaki hai zitakuwa za hasira. Nilimwomba anunulie kundi zima vifurushi ndipo tuzungumze kuhusu ubora. Tangu siku hiyo amekuwa akiniandikia mistari mitatu ya kawaida.

Halafu kuna ushauri wa blanketi. Kila anayeanza kurekodi nyumbani huambiwa na wenzake kwamba dawa ya mwangwi ni kujifunika blanketi, na ushauri huo kwa hakika ni sahihi, kwani kitambaa kizito hunyonya sauti ambayo ukuta mtupu ungeirudisha. Ila mtu anayeutoa lazima aulizwe anaishi wapi. Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai blanketi nyumbani kwetu Ilomba si kifaa cha sauti. Raundi ya Juni nilizikusanya zote nikazitundika chumbani, nikafika hadi ubeti wa tatu kabla Mama Neema hajaingia kuzichukua moja baada ya nyingine bila kuzima mashine. "Baba Neema," alisema, "wimbo hauugui nimonia, watoto ndio wanaougua." Sauti yake ilirekodiwa safi kabisa, bila mwangwi.

Sasa nieleze upande wangu, kwa sababu mimi maoni huyatoa kwa dhati. Nimelelewa katika kwaya ya kijijini Rungwe, mahali ambapo Wamoraviani walifika mwaka 1891 na ambapo mpaka kesho mtoto huweza kusoma do-re-mi ubaoni kabla hajajua kuandika barua. Mwalimu wetu wa kwaya hakuwa na mistari mitatu. Alikuwa na fimbo ya kugongea meza na neno moja, "Rudieni." Tenori wakiteleza, rudieni. Besi wakichelewa, rudieni, na kama wamechelewa tena, wengine wote wakae chini na besi warudie peke yao mbele ya soprano, jambo ambalo kwa kijana wa miaka 16 ni adhabu inayozidi viboko. Hakuna aliyemwomba apitie na wake. Pasaka ilipofika tuliimba sauti nne na watu walilia, na yeye akasema kwamba ukurasa wa pili haukuwa mbaya.

Kwa malezi hayo nilimsikiliza kijana mmoja wa Tukuyu, mwenye kipaji cha wazi, nikamwandikia ukurasa mzima. Nilimweleza kwamba ubeti wake wa pili ni mzuri kuliko wa kwanza na ungestahili kutangulia. Nilimweleza pia kwamba katika kiitikio noti ndefu imeiangukia silabi ya mwisho ya kila neno, wakati Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana msikilizaji analazimika kukisikia mara mbili ili ajue kinasema nini. Nilimpendekezea ahamishe noti moja tu, nikamtajia ni ipi. Alinijibu kwa heshima zote: "Ndaga fijo (asante sana) mzee wangu, nimepokea." Kura zilipotoka alikuwa amenipanga wa mwisho. Najua kwamba kura ni za siri, lakini kijana huyo aliniandikia mwenyewe kunifariji kuwa hata wa mwisho naye ni mshiriki.

Nimpite haraka yule mwalimu wa Njombe aliyenihesabia mizani. Aligundua kwamba mshororo wangu wa tatu una mizani 17 badala ya 16, akaweka alama nyekundu. Alikuwa na haki.

Ila mwalimu huyo huyo ndiye aliyenitia katika balaa ninalotaka kulieleza. Msimu wa mvua hapa kwetu huanza Novemba na huendelea hadi Aprili, na raundi ya "Kusubiri" iliangukia Januari. Jumapili ile nilikaa na gitaa tangu mchana nikingoja mvua ikatike, haikukatika, na saa 6 usiku ya mratibu haijui habari za hali ya hewa. Nilirekodi hivyo hivyo. Mkulima wangu analalamika kuwa mbingu zimekauka, anahesabu siku bila tone, anamuuliza Mungu kama amemsahau, na juu ya kichwa chake, tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho, mvua ya Mbeya inalipiga bati kwa nguvu ambayo ingetosha kuifurikisha Usangu yote na chenji ikabaki.

Mwalimu wa Njombe aliandika kwamba ni kinaya cha hali ya juu. Alieleza kwamba msanii amemweka mkulima ndani ya neema asiyoweza kuisikia, na kwamba mvua ile ni sauti ya matumaini inayomzunguka binadamu kipofu. Ujumbe huo uliposomwa, waliokuwa wameshaandika "noma" walirudi kuhariri. Yule wa Tunduma, wa sekunde 60, alisema kwamba mvua ndiyo iliyomgusa tangu mwanzo. Mtaalamu wa besi alikiri kwamba sasa besi anaisikia. Mtani wangu wa Iringa alisema kwamba ingekuwa yeye angeipunguza sauti ya gitaa na hata ya mwimbaji, ili mvua ipate nafasi. Katika maoni yote niliyopokea baada ya hapo, hakuna aliyeutaja ubeti wangu wa tatu, ambao niliuandika kwa machozi stoo, nyuma ya mifuko ya mbolea ya DAP.

Mratibu amenitunuku nafasi ya kwanza katika kipengele kipya cha ubunifu wa sauti, ambacho hakina zawadi. Kijana wa Tukuyu naye amebadilika; hataki tena kujua mkazo unaanguka wapi, anataka kujua mvua ile nimeitoa wapi, nimetumia programu gani kuitengeneza, na kama naweza kumtumia kipande cha dakika moja akiweke kwenye wimbo wake wa raundi ijayo, ambayo mada yake ni "Kiangazi". Anaishi Tukuyu, mahali ambapo mvua haihitaji kutumwa na mtu. Nilimwambia atoke nje. Akanijibu kwamba ya kwao ameijaribu na haina hisia.

Nimeitazama Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nikaona kwamba mtu aliyetengeneza rekodi ya sauti naye analindwa, na sikuona mahali paliposema kwamba mvua si sauti. Kwa hiyo nimemjibu kijana kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu nami sina mamlaka nayo, lakini bati ni langu, geji 30, nililinunua kwa fedha taslimu, na kama ana nia ya kweli basi tuzungumze bei.