Kijiji kishike bomba, kina cha maji kishikwe na nani?

Mpango wa maji vijijini ukiwekwa mezani, swali la kwanza huwa visima vingapi vichimbwe. Linapendwa kwa sababu uchimbaji una picha: mtambo, matope, watu wakishangilia. Nani atakitunza kisima mwaka wa kumi, hilo halina picha, na hapo ndipo wapangaji wanapogawanyika.

Kambi ya kwanza inasema wakabidhiwe wanakijiji. Wazo hili lilishika kasi katika Muongo wa Kimataifa wa Maji, 1981 hadi 1990, na hata pampu zikasanifiwa kulifuata. Kubadili raba za pistoni katika pampu ya mkono ya India Mark II kunataka kung'oa mabomba kisimani, kazi ya fundi na vyombo vyake. Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980, inaruhusu pistoni ivutwe juu kupitia ndani ya bomba lenyewe, mabomba yakibaki chini. Wanakijiji waliofundishwa wanaiweza kazi hiyo.

Sawa, lakini raba inauzwa wapi? Kamati ya maji ya kijiji yenye mhazini mwaminifu na daftari safi itaitazama tu pampu mbovu ikiwa kipuri cha kujaa kiganjani hakipatikani karibu. Na michango huja pampu ikishakufa. Masika, madimbwi yakijaa, wengi hawaoni sababu ya kulipa.

Kwa hiyo kambi ya pili inataka chombo kimoja kihudumie eneo zima: kiajiri mafundi, kiwe na stoo ya vipuri, kitoze ada. Kijiji chenye kisima kifupi kinasaidia kubeba gharama za chenye kisima kirefu. Wapinzani hukumbusha kwamba Umoja wa Mataifa ulitambua maji kuwa haki ya binadamu mwaka 2010, na kwamba asiye na ada atarudi mtoni na ndoo yake. Ni hoja nzito, ila haki hiyo hainunui raba. Kwenye matengenezo mimi niko na kambi ya pili, mradi wasiojiweza walipiwe na bajeti ya umma waziwazi, si kwa kuwaambia mafundi wavumilie.

Tatizo ni kwamba kambi zote mbili zinagombania bomba, na maji yenyewe yako chini. Pampu ya dizeli ilikuwa na breki yake, yaani bei ya mafuta. Ya sola haina; jua likiwaka, inavuta. Wakulima wa juu wakiongeza bustani, kina kinaweza kushuka kwenye visima vya jirani, na kamati ya huko haitajua kisa chake, maana haioni zaidi ya kijiji chake.

Watetezi wa kamati hupenda kumtaja Elinor Ostrom, mshindi wa Nobeli ya uchumi ya 2009, aliyeonyesha kuwa watumiaji wanaweza kuisimamia wenyewe mali ya pamoja. Husahau kwamba utafiti wake wa awali ulihusu maji ya chini ya ardhi karibu na Los Angeles, ambako maji ya bahari yalikuwa yakipenya kwenye visima. Wavutaji walikubaliana kupunguza, ndiyo, lakini baada ya kesi, takwimu za wataalamu, na msimamizi aliyerekodi kiasi alichovuta kila mmoja. Kujitawala kwao kulisimama juu ya vipimo.

Kupima si anasa. Kisima kisichovutwa maji, utepe wenye uzito nchani, mtu mmoja anayeandika kina kila mwezi. Ila inahitajika miaka kadhaa kutofautisha kiangazi cha kawaida na kina kinachoshuka moja kwa moja, kwa hiyo daftari hilo lifunguliwe kabla mtambo haujafika, na likae kwenye ofisi ya eneo, si ya kijiji kimoja.

Ugumu unakuja tarakimu zikisema punguzeni. Kanuni ya nani azime pampu kwanza, mwenye shamba au wenye ndoo, iandikwe na vijiji vyote kabla ya kiangazi. Kikishaingia, mwenye shamba ana miche ardhini na deni la mbegu, na hakuna kamati itakayomshawishi.