Asili ya neno "pistol": Pistoia au Bohemia?

Waingereza walilipokea neno "pistol", ambalo kwetu ni bastola, kutoka kwa Wafaransa katika karne ya 16, na kuhusu hatua hiyo hakuna ubishi mkubwa. Ubishi huanza tunapouliza Wafaransa nao walilitoa wapi, kwa kuwa wapo wanaolirudisha Pistoia, mji wa Toscana nchini Italia, na wapo wanaolirudisha Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki.

Hoja ya Pistoia ni kongwe. Henri Estienne, mtaalamu wa lugha na mchapishaji wa Kifaransa wa karne hiyohiyo, alieleza kwamba mjini humo yalifuliwa majambia madogo yaliyoitwa kwa jina la mji, kisha jina likahamia kwenye bunduki fupi na hata kwenye sarafu za Kihispania zilizopunguzwa ukubwa. Maelezo hayo si ya kubezwa, kwani Kiitaliano kina neno "pistolese" kwa maana ya jambia la aina hiyo, na Pistoia ulikuwa kweli mji wa wahunzi. Tatizo ni kwamba kinachounganisha jambia na bunduki hapo ni udogo tu, na udogo ni ushahidi mwepesi mno.

Bohemia ina ushahidi mzito zaidi. Katika Vita vya Wahussi, yaani wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyetaka Kanisa lirekebishwe, vya 1419 hadi 1434, vilivyozuka baada ya Hus kuchomwa moto mjini Konstanz mwaka 1415, jeshi la kamanda wao Jan Žižka, lililojaa wakulima, lilijikinga nyuma ya magari ya farasi yaliyopangwa kama ngome na kuwafyatulia risasi wapandafarasi wenye deraya. Silaha yao mojawapo, bomba la chuma lililopachikwa kwenye mpini wa mti, iliitwa "píšťala", yaani filimbi, na jina hilo linaonekana pia katika maandishi ya Kijerumani ya karne ya 15 kutoka Silesia, eneo linalopakana na Bohemia. Zaidi ya hayo, "howitzer", jina la Kiingereza la aina mojawapo ya mzinga, limetokana na "houfnice" ya Wacheki haohao kwa kupitia Kijerumani, jambo linalokubaliwa na pande zote. Njia ilikwisha kupitwa. Neno la pili kuifuata si ajabu.

Hata hivyo, "píšťala" haikuwa bastola. Ilikuwa silaha ya mikono miwili, ilhali bastola ilipata nafasi yake katika karne ya 16, baada ya kuenea mtambo wa gurudumu la kutoa cheche, uliomwezesha askari wa farasi kubeba silaha iliyokwisha kushindiliwa na kuifyatua kwa mkono mmoja. Pengo hilo la takriban miaka 100 watetezi wa Bohemia hulivuka haraka kupita kiasi. Wanaweza kujibu kwamba majina ya silaha hudumu huku silaha zikibadilika: "moschetto" ya Waitaliano ilikuwa mshale kabla ya kuwa bunduki. Lakini mfano huo unamfaa Estienne vilevile, tena pengine zaidi.

Kwa maoni yangu, Bohemia bado inaongoza, kwa sababu jina lake lilikuwa la silaha ya baruti tangu mwanzo, wakati la Pistoia linahitaji kwanza kuruka kutoka kwenye makali hadi kwenye mtutu. Ninachomwachia Estienne ni uwezekano kwamba Wafaransa, wakiwa tayari wanayajua majambia yale, walilipokea neno geni kwa wepesi zaidi kwa kuwa lilisikika kama walilolizoea.