Ubongo wa mtoto na safari ya dukani

Jioni nyumbani kwa dada yangu, binti wa miaka tisa amekalia mbuzi anakuna nazi, sikio lake likiwa chumbani alikolala mdogo wake. Kaka yake wa miaka kumi katumwa dukani: sukari nusu kilo, kibiriti, na chenji irudi. Anakatiza vichochoro vitatu, anapiga hesabu njiani, anarudi na habari za mtaa mzima.

Wanaotaka wavulana na wasichana wafundishwe kwa njia mbili kwa sababu ya ubongo wao hawasemi ovyo. Picha za ubongo za watoto wa Marekani, zilizochapishwa mwaka 2007, zilionyesha kuwa kwa wastani ubongo wa msichana hufikia ukubwa wake wa juu akiwa na miaka 10 na nusu hivi, wa mvulana miaka 14 na nusu. Mwalimu wa darasa la tano ambaye wavulana wake hawatulii dawatini, huku wasichana wameshamaliza kunakili, akisikia hayo hujiona amepata jibu. Namwelewa. Ila ukubwa si uwezo, na wastani haumwelezi mtoto mmoja aliye mbele yako.

Mwaka 2015 Daphna Joel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichambua picha za ubongo zaidi ya 1,400. Ubongo ulio wa "kiume" au wa "kike" kila sehemu ulikuwa nadra. Wengi wana mchanganyiko. Na shule zetu za bweni za jinsia moja zinazosifiwa kwa matokeo? Nyingi huchukua watoto waliokwisha kufaulu.

Kinachonigusa zaidi kilitokea kwetu. Robert na Ruth Munroe, katika utafiti wa mwaka 1971 kwa watoto wa Kimaragoli magharibi mwa Kenya, waliwakuta wavulana wakicheza mbali zaidi na nyumbani. Na waliozoea kwenda mbali ndio waliofanya vizuri zaidi majaribio ya maumbo na nafasi. Mwanaanthropolojia Carol Ember naye alikaa Oyugis, magharibi mwa Kenya pia, miaka ya 1960, akawatazama wavulana wa Kijaluo waliopewa kazi za kike kwa sababu nyumbani hapakuwa na binti wa umri unaofaa. Waliopika na kulea wadogo zao walipungua ubabe, wakakaribia wasichana kwa tabia, hata saa ambazo hawakuwa kazini. Hakupima ubongo wa mtu. Lakini ubongo hujengwa na kinachorudiwa kila siku, na sisi ndio tunaogawa kazi. Kabla ya kugawa madarasa, ningeanzia jikoni.

Nilimwomba dada awabadilishie watoto zamu. Kijana kukuna nazi, alikubali papo hapo. Binti kutumwa jioni alikataa, kwa sababu ya vijana wa kijiweni, na hofu hiyo sikubishana nayo. Tumekubaliana aende saa nane mchana, peke yake, na chenji aihesabu mwenyewe.